Kijapani cha kati: sarufi ya うちに (uchi ni). Wanaotaka kucheka wacheke kwanza

#1 · Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Najua neno lenyewe likitamkwa mbele ya Mswahili lazima mtu atabasamu. Chekeni mmalize, tuendelee. うちに inasomwa hivyo hivyo, u-chi-ni, na huko Japani haina habari na mtu aliyekosa nguo. Asili yake ni kanji (herufi yenye asili ya Kichina) 内, yaani "ndani", ila ikiwa kazini kama sarufi ya muda huandikwa kwa hiragana (herufi za sauti).

Nimefungua uzi huu kwa sababu JLPT (mtihani wa kimataifa wa Kijapani) ya Desemba ikikaribia PM zangu hujaa swali lile lile: うちに, 間に (aida ni) na 前に (mae ni) zinatofautianaje? Walio N4 wanaotaka kuvuka kwenda N3 (ngazi zinaanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu) ndio wanaokwama hapa zaidi. N3 yenyewe ililetwa mwaka 2010, ngazi zilipotoka nne kuwa tano, ili kuziba pengo lililokuwa kati ya ngazi ya tatu na ya pili za zamani. Sarufi za aina hii ndizo hasa zinazolijaza pengo hilo: maneno unayajua yote, sentensi unaielewa, halafu kwenye majibu manne unaona mawili yote yako sawa.

Tuingie kazini. Methali mbili mnazijua tangu shule ya msingi: Samaki mkunje angali mbichi. Udongo uwahi ungali maji. Aliyeielewa hiyo "angali" na "ungali" ameshaelewa nusu ya うちに kabla hajafungua kitabu. Wajapani nao wana yao, 鉄は熱いうちに打て (tetsu wa atsui uchi ni ute): chuma kifue kingali moto. Atsui ni moto, ute ni amri ya kupiga, na uchi ni imekaa pale pale ambapo sisi tunaweka "kingali". Naongelea ngali ya "angali mbichi", jamani, siyo ile ya "ningalijua nisingalikuja".

Kwa hiyo うちに inabeba hali iliyopo sasa ambayo haitadumu, na mwisho wake hauna tarehe. Samaki atakauka, lini hasa hatujui, basi mkunje. Ndani ya sentensi kuna kaharaka fulani. Mtu akikuwekea supu mezani akakuambia 温かいうちにどうぞ (atatakai uchi ni dōzo), hakupi taarifa ya jotoridi. Anakuhimiza ule sasa hivi.

Maumbo hayasumbui sana. Kivumishi cha i (kinachoishia kwa i) kinaingia kama kilivyo: 明るいうちに帰ろう (akarui uchi ni kaerō), turudi kungali mwanga. Kivumishi cha na kinabaki na na yake: 元気なうちに (genki na uchi ni), ungali na nguvu zako. Nomino inadai no: 学生のうちに (gakusei no uchi ni), ungali mwanafunzi. Ile 今のうちに (ima no uchi ni) imezeni nzima nzima, maana utaisikia mpaka uchoke. Ni ile "fanya sasa hivi mambo hayajaharibika". Vitenzi huja kwa te iru (jambo linaloendelea), au kwa umbo la kuweza kama 歩けるうちに (arukeru uchi ni), "miguu ingali inabeba", au kwa ukanushi. Umbo la wakati uliopita, ta, halikai hapa. Ukiona 降ったうちに kwenye majibu, lifute bila huruma.

Sasa huo ukanushi ndipo nilipotaka tufike. Mfano:

雨が降らないうちに洗濯物を取り込みましょう。
Ame ga furanai uchi ni sentakumono o torikomimashō.
Tuanue nguo kabla mvua haijanyesha.

Vitabu vingi vya Kijapani vinavyotufikia vimeandikwa kwa Kiingereza, na mwandishi hutumia ukurasa mzima kumtuliza msomaji wake anayeshangaa: kwa nini waseme "isiyonyesha" wakati maana ni "kabla ya kunyesha"? Mswahili huyo ukurasa auruke. Sisi tunasema kabla haijanyesha, kabla hajafika, kabla giza halijaingia. Ukanushi upo kinywani mwetu siku zote na hakuna anayeuona wa ajabu. 暗くならないうちに (kuraku naranai uchi ni) ni "kabla giza halijaingia", neno kwa neno karibu. 忘れないうちに (wasurenai uchi ni), kabla sijasahau. 冷めないうちに (samenai uchi ni), kabla hakijapoa.

Ukitaka kuisikia ikiwa hai, kaa kwenye mtaa wa makazi Japani jioni. Miji mingi kule ina vipaza sauti vya manispaa kwa ajili ya tahadhari za majanga, na jioni hupiga muziki mfupi ambao watoto wanaujua kuwa ni wa kurudi nyumbani. Sehemu nyingine saa yake husogezwa mapema msimu wa baridi kwa kuwa jua huzama mapema. Mzazi anayemtoa mtoto kwenda kucheza humwambia 暗くならないうちに帰りなさい (kuraku naranai uchi ni kaerinasai). Mama yeyote wa Tandika au Likoni angesema hivyo hivyo kwa ukanushi ule ule.

Matumizi ya pili yanawachanganya watu kwa sababu haraka imetoweka kabisa:

音楽を聞いているうちに、眠くなってきた。
Ongaku o kiite iru uchi ni, nemuku natte kita.

Hapa hakuna kuwahi chochote. Mtu alikuwa anasikiliza muziki, usingizi ukamnyemelea. Kwa Kiswahili tungesema "nikajikuta": nilikuwa nasikiliza muziki, nikajikuta nasinzia. 話しているうちに仲良くなった (hanashite iru uchi ni nakayoku natta), katika kupiga stori wakajikuta marafiki. 毎日書いているうちに覚えてしまった (mainichi kaite iru uchi ni oboete shimatta), andika andika kila siku mpaka nikajikuta nimekariri. Mabadiliko yanakuja yenyewe, hakuna aliyeyapanga.

Sasa utajuaje ni うちに ipi? Usihangaike na upande wa kwanza wa sentensi. Nenda mkiani. Ukikuta mtu anaamua, anaomba, anaamrisha au anashauri (ましょう, なさい, たい, ください), hiyo ni ya kuwahi, tia "angali" au "kabla haija-". Ukikuta なった, なってきた, てしまった, jambo lililojitokea lenyewe, hiyo ni ya kujikuta. Tabia hii ya kutazama mkia itawasaidia kwenye sarufi zote za muda za N3 na N2. Kijapani huchagua kiunganishi cha kati kwa kuangalia kinachofuata, na sisi tumezoea kwamba -po- inabeba mizigo yote: alipofika, nitakapofika, nifikapo.

Karibuni kwa maswali. Wenye uzoefu wa kuishi kule njooni mniongezee nyama.

#2

Mkuu nimeingia kwa ajili ya kichwa cha habari, nimetoka na sarufi. Umenipiga chenga ya mwili.

#3

Shukrani kwa madini, sensei. Swali langu: hiyo 雨が降らないうちに na 雨が降る前に (ame ga furu mae ni) si kitu kimoja? Kote ni kabla ya mvua. Kwa nini nijitese?

#4 · Mleta uzi

Swali zuri, dada (kama ni kaka utanisamehe).

Kwa mvua zote mbili zinakubalika, ila mtu hasikii kitu kimoja. 前に inaichukulia mvua kama alama kwenye mstari: ipo, itafika, na mimi nafanya jambo upande wa huku wa alama. うちに haiitazami mvua, inautazama ukavu uliopo sasa na kuuogopea. Huenda isinyeshe hata tone. Kwa hiyo tukio lenye ratiba linakwenda na 前に. Treni ya Shinkansen inaondoka kwa dakika iliyoandikwa ubaoni, basi 出発する前に (shuppatsu suru mae ni) unanunua bento (chakula cha boksi). Kikao, mtihani, harusi, ndege: mae ni. Supu kupoa, maua ya sakura kupukutika, mtoto kuamka, kumbukumbu kufutika: uchi ni.

Hao sakura ni mfano mzuri kweli. Wakishachanua kabisa wanakaa kama wiki hivi, na upepo mmoja wenye mvua unaweza kuwamaliza usiku. Ndiyo maana 散らないうちに花見に行こう (chiranai uchi ni hanami ni ikō), twende kuwatazama kabla hawajapukutika, ina uzito ambao 散る前に haiufikii.

Jambo jingine usilisahau: 前に huchukua umbo la kamusi (kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi) hata kama yote yamepita. 食べる前に手を洗った (taberu mae ni te o aratta). Nilinawa nikala, vyote ni vya jana, lakini taberu haigeuki kuwa tabeta. Na あとで (ato de), "baada ya", ni kinyume: 食べたあとで, daima ta, hata kama ni la kesho. Kosa hili ni la N4 ila watu wanaingia nalo mpaka N2.

#5

Niongezee hapo kuhusu 間に, maana mimi niko Japani na hii naitumia kazini kila siku.

間に ni kipindi chenye kingo mbili. Unajua kinaanza wapi na kinaishia wapi. 9時から10時の間に電話してください (kuji kara jūji no aida ni denwa shite kudasai), piga kati ya muda huu na huu. Hapo huwezi kutia うちに, itagoma. 夏休みの間に (natsuyasumi no aida ni), ndani ya likizo ya kiangazi, likizo ina tarehe. 留守の間に (rusu no aida ni), wakati mtu hayupo.

Halafu kuna 間 bila に. Hii inataka jambo lijaze kipindi chote: 夏休みの間、ずっと国にいた (natsuyasumi no aida, zutto kuni ni ita), likizo nzima nilikuwa nyumbani. Ukitia に maana yake jambo limetokea mahali fulani humo ndani, si lazima lijaze.

Sasa pale zote mbili zinapokubalika: 子どもが寝ている間に掃除した na 子どもが寝ているうちに掃除した. Ya kwanza ni taarifa tu, mtoto alikuwa amelala, nikasafisha nyumba. Ya pili mwenye mtoto mchanga ataielewa hata kama hajui Kijapani. Unafagia huku sikio liko chumbani.

#6

Swali nje ya mada kidogo. Hiki Kijapani mnachosoma kwa nguvu hivi kinawaletea nini? Si bora Kichina, kazi ziko nyingi?

#7

Mkuu #6, kila mtu na njia yake. Wapo wanaokwenda kusoma, ingawa wengi wa ABE Initiative (ufadhili wa masomo wa Japani kwa vijana wa Afrika) wanasoma kwa Kiingereza na Kijapani wanakikuta mtaani. Wapo wanaotazama viza ya Tokutei Ginō (ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu) iliyoanza Aprili 2019. Kule unatakiwa N4 au mtihani wa JFT-Basic (wa Kijapani cha msingi), pamoja na mtihani wa fani yenyewe. Na wapo waliovutwa na katuni, nao wasidharauliwe, usikilizaji wao huwa mkali kuliko wetu sote. Turudi kwenye mada kabla moderata hajatukata.

#8

Mimi nashughulika na kuagiza magari kutoka Japani, na barua pepe za kule zina neno 次第 (shidai) karibu kila moja. "入金確認次第、発送します." Google inaniambia "mara baada ya". Basi nikaitumia kumwambia jamaa kwamba nilipofika nyumbani nililala, akacheka sana. Hiyo nayo ni sarufi ya muda?

#9 · Mleta uzi

Kaka umegusa penyewe. Hiyo ni sarufi ya muda na ni ya N2 kabisa, ila wewe unaisoma kila asubuhi bila kulipia darasa.

入金確認次第、発送します (nyūkin kakunin shidai, hassō shimasu): malipo yakishathibitishwa tu, tunasafirisha. Umbo lake ni rahisi. Kitenzi unakikata ile masu (mkia wa adabu) na kubandika shidai: 着きます inakuwa 着き次第 (tsuki shidai), できます inakuwa でき次第 (deki shidai). Nomino za vitendo kama kakunin, tōchaku, nyūka zinabandikwa moja kwa moja bila kitu katikati. Ukiona dukani 入荷次第 ujue ni "mzigo ukiingia tu".

Sasa tazama mkia, kama nilivyosema pale juu. Mkia wa shidai ni ahadi au ombi la mbele: tutatuma, tutakupigia, naomba unijulishe. Jambo la jana haliingii. Ndiyo maana jamaa yako alicheka: "nilipofika nililala" limeshapita, tena ni la nyumbani, na shidai ni neno la tai na koti. Ni kama umwambie mkeo "tafadhali rejea barua yangu kuhusu chai". Nyumbani ungesema 家に帰ってすぐ寝た (ie ni kaette sugu neta), basi.

Jirani yake ni たとたん (ta totan), na wawili hawa mitihani hupenda kuwaweka kwenye swali moja kwa sababu kwa Kiswahili wote ni "mara tu". Totan inatazama nyuma na inataka mshtuko. 立ち上がったとたん、めまいがした (tachiagatta totan, memai ga shita), kuinuka tu, kizunguzungu hiki hapa. 窓を開けたとたん、虫が入ってきた (mado o aketa totan, mushi ga haitte kita), kufungua dirisha tu, mdudu kaingia. Umeona Kiswahili chenyewe kinavyobadilika? Tunaacha "mara tu" na kuchukua "kuinuka tu… hiki hapa". Hiyo ndiyo ladha ya totan. Kwa hiyo huwezi kusema 家に着いたとたん、母に電話した, kwa sababu kumpigia mama uliamua mwenyewe, hukushtukizwa na vidole vyako.

Kwa kifupi cha barabarani: la mbele na unaahidi, shidai. La nyuma na limekushtua, totan. Kama ni maisha ya kawaida tu, たらすぐ (tara sugu) haijawahi kumwaibisha mtu.

Tahadhari moja kwa msoma barua pepe: 次第 ina maisha mengine pia. 値段次第で (nedan shidai de) ni "kutegemeana na bei". Ukiona nomino isiyo ya kitendo imebandikwa na で ikafuata, hapo hakuna muda tena. Usije ukasubiri bei "ifike".

#10

Uzi mtamu huu. Mleta uzi tupe zoezi basi tujipime, tusije tukawa tunaitikia tu "madini madini" halafu chumba cha mtihani tunatoa macho.

#11 · Mleta uzi

Haya, kalamu juu. Nimeyatunga mwenyewe, msiyatafute mtandaoni.

Moja: アイスクリームが＿＿うちに食べましょう。 Kitenzi ni 溶ける (tokeru), kuyeyuka. Kiweke kwenye umbo linalofaa.

Mbili: 両親が元気＿うちに、一緒に旅行したい。 Herufi moja tu.

Tatu: この手紙を読んで＿＿うちに、涙が出てきた。

Nne: 日程が決まり＿＿、お知らせします。

Tano, ya nyota (kwenye mtihani nafasi inayoulizwa huwekewa alama ★). Yapangeni manne haya kisha mniambie la nafasi ya tatu ni lipi: うちに／冷め／ない／食べて, mwishoni kuna ください.

Aina hii ya tano ipo kwenye mtihani wenyewe, sehemu ya sarufi, na watu wengi wanaichukia. Dawa yake ni kuanza na maneno yanayogandana. Ukiona ない na うちに yamo humo, yaunganishe kwanza, mengine yatajipanga.

#12

Moja 溶けない, mbili な, tatu いる, nne とたん, tano うちに. Nipe cheti changu.

#13 · Mleta uzi

Cheti nusu. Nne rudi nyuma: 決まり ni kitenzi kilichokatwa masu, na mkia ni お知らせします, tutawajulisha. Ahadi. Kwa hiyo 決まり次第 (kimari shidai). Ingekuwa totan ungeona 決まった, na mkia ungekuwa wa kushtua. Umbo peke yake lilitosha kukuokoa hapo. Mengine yote safi. Ya tano, 冷めないうちに食べてください (samenai uchi ni tabete kudasai), nyota imekaa kwenye うちに.

Wengi huniuliza alama. N3 jumla ni 180 na kupita ni 95, ila kuna vipande vitatu vya alama 60 kila kimoja, na kila kimoja lazima upate angalau 19. Unaweza kuwa na jumla ya kutosha ukaanguka kwa sababu ya usikilizaji peke yake. Msikae na vitabu tu.

#14

Kuhusu usikilizaji, ngoja niseme kitu ambacho vitabu havitusaidii sisi. Saa! Wao wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko na magharibi. Kwa hiyo 9時 (kuji) kichwani kwangu lazima iwe saa 3. Hiyo unaizoea. Balaa ni 一時 (ichiji) na 七時 (shichiji). Kwa sikio zinakaribiana mno, na kwa bahati mbaya ichiji ni saa 7 kwetu, shichiji ni saa 1. Ukishasikia vibaya na kutafsiri vibaya unaweza ukarudi kwenye jibu sahihi kwa ajali.

#15 · Mleta uzi

Hahaha, hiyo ni kweli tupu. Dawa: usitafsiri saa wakati wa mtihani. Chora mishale ya saa ya ukutani pembeni ya karatasi ya maswali na ufuate namba ya Kijapani. Wajapani wenyewe wanajua tatizo la ichiji na shichiji, ndiyo maana kwenye matangazo na simu wengi husema nanaji badala ya shichiji.

#16

Nimekutana na hii kwenye zoezi la N2: ベルが鳴るか鳴らないかのうちに (beru ga naru ka naranai ka no uchi ni). Ni うちに ile ile au ndugu yake wa mbali?

#17 · Mleta uzi

Ni ile ile, imevaa nguo za N2. Kitenzi kinasemwa mara mbili, kwanza cha kukubali kisha cha kukanusha, halafu no uchi ni. Kengele imelia haijalia, wanafunzi wameshatoka mbio. Kwa Kiswahili muundo huo upo vile vile, "hata haijamaliza kulia". Mkia wake unafuata tabia ya totan: jambo limetokea, unalisimulia. Usiweke amri wala ombi pale.

Nyingine za ukoo huu ambazo ni za kukariri tu: 知らないうちに (shiranai uchi ni), bila mtu kujua, 一瞬のうちに (isshun no uchi ni), kufumba na kufumbua, 見る見るうちに (mirumiru uchi ni), unaona hivi hivi kinabadilika.

#18

Mkuu swali la mwisho, na si la mtihani. Kuna mwenzangu Mjapani kazini, kila nikimwambia twende tukale nje anasema そのうち行きましょう (sono uchi ikimashō). Nimesoma uzi wote nikajua hii うち ni ya haraka, ya kuwahi. Mbona siku haifiki?

#19

Niko hapa nasubiri jibu la mkuu nikiwa nimekaa kabisa.

#20 · Mleta uzi

Pole ndugu yangu. Hiyo うち haina haraka yoyote. そのうち ni "siku moja moja tutatafutana". Ni ya adabu, haimkatai mtu na haimpi tarehe. Lakini usikate tamaa mapema, maana wapo wanaoisema wakiwa na nia kweli. Next time mpe siku na mahali: 金曜日はどうですか (kin'yōbi wa dō desu ka), Ijumaa je? Akijibu ちょっと… (chotto) halafu akanyamaza katikati ya sentensi, tafuta mwingine wa kula naye.